Wamisri wa Kale Walikwenda Wapi?

MASWALI YA WASOMAJI: HISTORIA

Baada ya gazeti hili kuchapisha makala fupi kuhusu piramidi za Giza, barua kadhaa zilitufikia kutoka Mtwara na Lindi. Nimechagua nne ambazo zinaulizana na kujibiana zenyewe kwa zenyewe, nami nitazijibu kwa mfuatano, nikianza na ile ya Mikindani ambayo imenishughulisha zaidi.

SWALI: Mwalimu, mimi ni bibi wa wajukuu sita. Mmoja wao yuko darasa la sita, na ndiye aliyenisomea makala yenu ya piramidi. Alipomaliza akaniuliza, "Bibi, watu hawa walikwenda wapi?" Nikamjibu kwamba walitawaliwa na Warumi, kisha na wengine, wakaisha. Mtoto akaridhika akalala, lakini mimi sikuridhika. Watu wa nchi nzima wanaishaje? Nisaidie nimwambie ukweli.
Bibi wa Mikindani, Mtwara

JIBU: Shikamoo, Bibi. Shaka yako ya usiku ina ukweli kuliko jibu ulilompa mjukuu, na ninakuomba umrudie umwambie kwamba watu hao hawakwenda popote. Walibaki kandokando ya Mto Nile wakilima ngano, shayiri na kitani katika udongo mweusi ulioipa nchi yao jina la Kemet, yaani Nchi Nyeusi, na vizazi vyao ndio Wamisri wa leo, Waislamu kwa Wakristo, waliochanganyika kwa karne nyingi na wageni waliokuja wakakaa. Kilichokwisha ni kitu kingine, nacho kilichukua karibu miaka elfu moja kwisha. Ni kazi ya karani. Nikisema karani, namaanisha mtu aliyelelewa hekaluni akafundishwa kuandika Kimisri kwa maandishi ya Kimisri, mtu aliyepima mashamba maji ya mafuriko yalipopungua, aliyeandika mikataba ya ndoa na ya viwanja, aliyetunza kalenda, vitabu vya dawa na orodha za wafalme. Ustaarabu ule ulikuwa mikononi mwake, na kudhoofika kwake chini ya wageni ni habari ya jinsi kazi yake ilivyomegwa kidogo kidogo, mpaka mzazi akakosa sababu ya kumrithisha mwanawe.

Kutawaliwa na mgeni peke yake hakukuwaangusha Wamisri. Watu wa asili ya Libya walishika kiti cha Firauni karibu mwaka 945 KK, na Wakushi, kutoka nchi ambayo sasa ni Sudan, waliwatiisha watawala wa Misri waliokuwa wamegawanyika karibu mwaka 728 KK, wakiongozwa na mfalme wao Piye. Wote hao walisali katika mahekalu ya Kimisri, wakaandika Kimisri, wakazikwa kwa desturi za Kimisri. Waashuru walikuwa wa namna nyingine, kwa kuwa waliupora mji mtukufu wa Thebes mwaka 663 KK, lakini hawakukaa, na ukoo wa wenyeji wa mji wa Sais ukaistawisha nchi kwa zaidi ya karne moja. Katika misukosuko yote hiyo karani aliendelea kukaa penye mkeka wake.

Mwaka 525 KK Cambyses, mfalme wa Uajemi, aliwashinda Wamisri huko Pelusium, lango la mashariki la nchi, akamkamata Firauni Psamtik wa Tatu. Misri ikawa jimbo la dola kubwa, ikawekewa liwali mjini Memphis, na kodi yake ikawa inasafirishwa nje. Hapa kuna mtu mmoja ambaye siwezi kumpita bila kumtaja, anayeitwa Udjahorresnet, ambaye sanamu yake iliyojaa maandishi ipo Vatican hadi leo. Alikuwa mkuu wa merikebu za vita chini ya Mafirauni wawili wa mwisho wa Sais, na pia alikuwa tabibu. Nchi iliposhindwa aliingia katika utumishi wa Cambyses akiwa tabibu mkuu, akamtungia jina la kifalme la Kimisri, kisha akamwomba awaondoe wageni waliokuwa wamepiga makazi ndani ya hekalu la Neith, mungu wa kike wa Sais. Mfalme akakubali, hekalu likasafishwa na sadaka zikarudi. Baadaye Darius wa Kwanza alimpa kazi ya kuirejesha Nyumba ya Uhai, ambayo ni mahali palipofundishwa makarani na matabibu. Wapo wanaomwita msaliti. Mimi namwona kuwa mtu aliyejua kwamba jeshi limekwisha, akajaribu kuiokoa shule, na katika habari yote ya Misri chini ya wageni simjui mwingine aliyeielewa hatari mapema namna hiyo.

Wamisri walijikomboa kutoka kwa Waajemi mwaka 404 KK, wakajitawala kwa miaka sitini hivi. Firauni wa mwisho mzaliwa wa nchi, Nectanebo wa Pili, alishindwa na Waajemi karibu mwaka 343 KK akakimbilia kusini. Baada yake zilipita zaidi ya karne ishirini kabla Misri yote haijawa chini ya viongozi wazawa. Wengi huhesabu mpaka mapinduzi ya maofisa wa jeshi mwaka 1952.

Alexander wa Makedonia aliichukua nchi mwaka 332 KK karibu bila kupigana, na jemadari wake Ptolemy akaanzisha ukoo uliotawala kutoka Alexandria mpaka mwaka 30 KK. Bibi, mjukuu wako akiona picha za hekalu la Edfu, lile lililosimama zima na kuta zake ndefu, atadhani ni kazi ya Mafirauni wa zamani kabisa. Lilianza kujengwa mwaka 237 KK, chini ya Wagiriki hao, na lilikamilika mwaka 57 KK. Majengo makuu ya Philae nayo ni ya enzi hiyo, na hekalu kuu la Dendera lilianzwa mwishoni mwake. Akina Ptolemy walichorwa ukutani wamevaa taji za Kifirauni, wakitoa sadaka kwa miungu ya Kimisri, na makuhani waliwasifu kwa maneno ya kale. Kwa macho, Misri haikuwahi kupendeza zaidi. Ofisini mambo yalikuwa mengine, kwa sababu lugha ya serikali sasa ilikuwa Kigiriki. Walimu wa kusoma na kuandika Kigiriki walisamehewa kodi ya chumvi iliyotozwa watu wote, pamoja na walimu wa michezo, na mtu aliyeandikishwa katika daftari kuwa Mgiriki alikuwa na nafuu ya kodi ambayo mkulima wa kawaida hakuipata. Hakuna askari aliyepita nyumba kwa nyumba akikataza Kimisri, lakini baba mwenye akili aliona ni wapi mwanawe apelekwe.

Wasomaji wa kwetu wanaolima ufuta wataielewa serikali ile kwa haraka. Kuna sheria ya mwaka 259 KK, ya wakati wa Ptolemy wa Pili, iliyoandikwa juu ya mafunjo na kusalimika, inayoeleza biashara ya mafuta. Maofisa waliandika eneo lililopandwa ufuta na nyonyo, mazao yote yaliuzwa kwa bei iliyopangwa, mafuta yalikamuliwa katika vinu vya serikali tu, na vyombo vya kukamulia vilitiwa muhuri visipokuwa kazini ili mtu asijikamulie kwa siri. Hata bei ya rejareja ilitoka juu. Ili kuendesha utaratibu huo ilihitajika karatasi isiyokwisha, na karatasi hiyo ilikuwa ya Kigiriki.

Mfano wa karani wa zama hizo ni Menches, karani wa kijiji cha Kerkeosiris katika bonde la Fayum, karibu mwaka 120 KK. Alikuwa na jina la pili la Kigiriki, Asklepiades, na kazi yake ilikuwa kuhesabu mashamba na kuripoti kwa wakubwa wake kwa Kigiriki. Ili athibitishwe tena katika kazi hiyo aliahidi kutoa ngano na kulilima kwa gharama yake shamba lisilozaa. Tunayajua haya kwa bahati ya ajabu: karatasi zake zilipokwisha kazi zilitumiwa kuwafungia mamba waliokaushwa na kuzikwa kwa heshima ya mungu Sobek, na wachimbaji wa mambo ya kale wakawakuta mamba hao huko Tebtunis. Menches hakuacha kuwa Mmisri. Aliishi na majina mawili, lakini kilichomlisha ni kile cha kigeni.

Sheria nayo ilibana taratibu. Mikataba iliyoandikwa kwa Kidemotiki, ambayo ni mwandiko wa haraka wa Kimisri wa kila siku, ilianza kudaiwa iandikishwe kwa Kigiriki ndipo itambuliwe. Amri ya mwaka 118 KK iliamua kwamba lugha ya mkataba ndiyo itakayoamua kesi iende mahakama ya Kigiriki au ya mahakimu wa Kimisri, na bado ilikuwa amri ya haki kwa kiasi, kwa kuwa iliziachia mahakama za wenyeji nafasi yake. Warumi walipoichukua nchi mwaka 30 KK, baada ya kifo cha Cleopatra, hawakuwa na subira hiyo. Waliendelea kutumia Kigiriki kwa shughuli za serikali, na kufikia mwisho wa karne ya 1 BK mikataba ya Kidemotiki ilikuwa imekwisha karibu kabisa. Fikiria jambo hilo, Bibi. Mamilioni ya watu walisema Kimisri sokoni, shambani na kitandani, lakini hapakuwa na hati ya mauzo ya ng'ombe au mirathi ya nyumba ambayo mtu angeiandika kwa lugha yake na ikasimama mbele ya hakimu.

Roma iliichukulia Misri kuwa ghala. Mwanahistoria Josephus anaeleza kwamba nafaka ya nchi hiyo ililisha mji wa Roma kwa miezi minne ya mwaka, na Kaisari Augustus aliwakataza maseneta kukanyaga Misri bila idhini yake, asije mmoja wao akaufunga mlango wa ghala. Wanaume tangu umri wa miaka 14 hadi kama 60 walitozwa kodi ya kichwa. Raia wa Roma na wa Alexandria walisamehewa, na wakazi wa miji mikuu ya wilaya walipunguziwa, hivyo mzigo mkubwa ukamlalia mwanakijiji. Ardhi ya mahekalu ilitwaliwa na serikali, makuhani wakawa watu wa kupokea posho au kukodi mashamba yaliyokuwa yao, na idadi yao ikaandikwa katika daftari la ofisa wa Kirumi. Hekalu lisilo na shamba halina chakula cha wanafunzi, na hapo ndipo lile jambo alilolihofu Udjahorresnet lilipotimia, bila moto wala upanga. Katika hekalu la Esna jina la mwisho la Kaisari kuchongwa ndani ya duara la kifalme ni la Decius, aliyetawala mwaka 249 hadi 251. Baada yake hakuna aliyejali kuandika hapo.

Ilibaki Philae, kisiwa cha mungu Isis karibu na Aswan, mpakani kabisa. Tarehe 24 Agosti mwaka 394 kuhani aliyeitwa Esmet-Akhom alichonga hapo ukutani maneno machache ya hiroglifi, yale maandishi ya picha, mbele ya sura ya mungu Mandulis, akisema yawe ya milele. Hayo ndiyo maandishi ya hiroglifi ya mwisho yanayojulikana. Ya Kidemotiki ya mwisho yako hapohapo Philae, ya mwaka 452. Mjukuu akiuliza tena, mwambie kwamba kama kuna siku mambo ya Wamisri wa kale yalipofungwa, basi ni mojawapo ya siku hizo mbili, na kwamba siku hiyo wakulima wa ng'ambo ya mto waliendelea na kazi zao wakiongea lugha ileile ya aliyeandika.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano. Sisi huku Lindi tunasoma jinsi vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 katika vilima vya Matumbi. Je, Wamisri walivumilia tu miaka yote hiyo bila kuinuka?
Mwanafunzi, Nachingwea

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waliinuka mara nyingi kuliko vitabu vya shule vinavyotaja. Waajemi walipambana na uasi tangu mwaka 486 KK, na Inaros, mwana wa mkuu wa Kilibya, aliwapiga katika Delta, ambako Mto Nile hugawanyika kabla ya kuingia baharini, karibu mwaka 460 KK kwa msaada wa merikebu za Athens kabla ya kushindwa.

Uasi mkubwa zaidi ulitokana na kosa ambalo watawala wengi wamelifanya. Mwaka 217 KK Ptolemy wa Nne alikuwa vitani na mfalme wa Syria, akapungukiwa askari, akawapa silaha Wamisri wapatao 20,000 na kuwafundisha kupigana kwa safu za Kimakedonia. Wakashinda huko Raphia. Polybius, aliyeandika historia ya vita hiyo, anasema kwamba tangu hapo Wamisri walijiona, wakaacha kutii, wakaanza kumtafuta kiongozi wao wenyewe. Mwaka 205 KK walimpata: Horwennefer alitawazwa kuwa Firauni kusini, na baada yake Ankhwennefer, na kwa karibu miaka ishirini sehemu kubwa ya Misri ya Juu, pamoja na Thebes, ilikuwa na mfalme Mmisri. Kazi ya kujenga Edfu ilisimama. Ankhwennefer alishindwa na kukamatwa mwezi Agosti mwaka 186 KK.

Kuna ushahidi mmoja wa uasi huo unaonigusa kila mara. Katika hekalu la Abydos kuna mchoro wa ukutani unaotaja mwaka wa tano wa Horwennefer, yule Firauni wa kwanza wa waasi, na maneno yake ni ya Kimisri, lakini yameandikwa kwa herufi za Kigiriki. Aliyeandika alikuwa upande wa uasi, na bado mkono wake ulikuwa umefundishwa na mtawala. Huo ni mmoja wa mifano ya kale kabisa ya Kimisri kwa herufi hizo, miaka mingi kabla Wakristo wa nchi hiyo hawajaifanya kuwa desturi.

Kwa nini walishindwa? Sababu mojawapo ni kwamba makuhani hawakuwa kitu kimoja. Wale wa Memphis walifungamana na Alexandria. Jiwe maarufu la Rosetta, ambalo wanafunzi hulijua kwa sababu ya lugha zake, ni tamko la makuhani la mwaka 196 KK, katikati ya uasi huo, la kumshukuru Ptolemy wa Tano kwa kupunguza kodi, kuyasamehe mahekalu madeni, na kuwaadhibu waasi waliojifungia katika mji wa Lycopolis wa Delta. Mfalme aliwanunua kwa nafuu ya kodi, nao wakamlipa kwa maandishi. Naliandika hilo bila kuwahukumu sana, kwa kuwa walikuwa na mahekalu ya kulisha, lakini mwasi wa Thebes hakuwa na wa kumwandikia jiwe.

Chini ya Warumi upinzani ulichukua sura nyingine, sura ya mguu. Mkulima aliyeshindwa na kodi aliacha shamba na kukimbilia nyikani, kwenye mabwawa ya Delta au katika umati wa Alexandria, na waliobaki kijijini wakalazimika kumlipia. Wagiriki waliuita utoro huo anachoresis, maana yake kujitenga, na baadaye neno hilohilo ndilo lililotumiwa kwa Wakristo wa Misri waliokwenda kuishi jangwani kwa sala, kama Antonius, baba wa wamonaki. Wanahistoria hawajakubaliana jinsi mambo hayo mawili yanavyohusiana. Kwa maoni yangu, mtu wa karne ya 3 aliyesikia kwamba fulani amejitenga alihitaji kuuliza kama amemkimbia shetani au mtoza kodi.

SWALI: Ndugu Mwalimu, katika mazungumzo yetu hapa kibarazani mzee mmoja alishikilia kwamba Waarabu ndio walioifuta lugha ya Mafirauni. Mwingine akamkasirikia, akasema Uislamu usisingiziwe. Tuamulieni.
Msomaji, Newala

JIBU: Ndugu yangu, wazee wote wawili wameshika sehemu ya ukweli, na aliyekasirika ameshika kubwa zaidi. Amr ibn al-As, jemadari wa Waarabu, alipoingia Misri mwishoni mwa mwaka 639 na kuipokea Alexandria kwa mapatano miaka mitatu baadaye, maandishi ya hiroglifi yalikuwa yamekwisha kwa karibu miaka 250. Makaisari Wakristo walikuwa wameyafunga mahekalu tangu miaka ya 390, na lile la Philae lilifungwa kwa amri ya Kaisari Justinian katika miaka ya 530. Waarabu hawakukuta makuhani wa Isis. Walikuta Wakristo, ambao kanisa lao lilikuwa limefarakana na Constantinople, mji mkuu wa Makaisari, tangu Mtaguso wa Chalcedon, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, wa mwaka 451 na kuteswa kwa ajili hiyo, hata Patriarki wao Benjamin alikuwa mafichoni. Amr alimruhusu arudi mahali pake.

Lugha yenyewe ilikuwa hai kabisa, nayo ndiyo inayoitwa Kikopti: Kimisri kilekile, kilichoandikwa kwa herufi za Kigiriki na kuongezewa herufi sita au saba zilizotolewa katika Kidemotiki kwa ajili ya sauti ambazo Wagiriki hawana. Hilo lisitushangaze sisi. Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wajerumani walipofika walipokea barua nyingi za namna hiyo, kisha shule za serikali zikafundisha herufi za Kilatini, na Kiswahili hakikufa kwa kubadili nguo. Aliyepoteza ni mwandishi wa herufi za zamani, ambaye elimu yake haikumpatia tena kazi bomani. Kwa Wamisri, Ukristo uliirudishia lugha yao kalamu baada ya kukosa maandishi ya kila siku kwa karne mbili na zaidi, na barua za Kikopti za wakulima, watawa na wafanyabiashara zimepatikana kwa maelfu.

Kilichofuata ni kilekile cha ofisi. Kwa miongo kadhaa watawala Waarabu waliwaachia makarani Wakristo madaftari yao, na hati za Kigiriki, Kikopti na Kiarabu zikatembea pamoja. Mwaka 706 amri ikatoka kwamba madaftari ya serikali yawe ya Kiarabu. Kodi ya ardhi na jizya, kodi ya kichwa kwa wasio Waislamu, ziliwalemea wengi, na tangu mwaka 725 maasi yakafuatana, mpaka lile la Bashmur katika mabwawa ya Delta, ambalo mwaka 832 Khalifa al-Mamun wa Baghdad alikwenda mwenyewe kulizima, na watu wengi wa sehemu hiyo wakahamishwa. Ni haki kusema kwamba katika maasi ya miaka hiyo Waarabu Waislamu waliokaa Misri nao waliinuka kwa sababu ya kodi hiyohiyo.

Kusilimu kulichukua karne nyingi, na lugha ilipungua hata kwa wale ambao hawakusilimu. Kufikia karne ya 13 wanazuoni wa Kikopti walikuwa wakiandika, kwa Kiarabu, vitabu vya sarufi na orodha za maneno ili Wakristo wenzao waelewe sala zao wenyewe. Orodha hizo waliziita ngazi. Mtu haandiki ngazi ya kupandia nyumba anayoweza kuiingia kwa mlango, na kwa hiyo tunajua kwamba wakati huo lugha ilikuwa inawatoka. Yule mzee wa kwanza, basi, yuko sawa akisema kwamba Kiarabu ndicho kilichochukua nafasi ya Kimisri. Akisema kwamba Waarabu ndio waliovunja ustaarabu wa Mafirauni, amechelewa kwa karne kadhaa.

SWALI: Je, kuna chochote cha lugha hiyo kinachosikika mpaka sasa?
Msomaji, Kilwa Masoko

JIBU: Kipo. Kanisa la Kikopti husali kwa Kikopti hadi leo, sambamba na Kiarabu, na bila Kikopti Mfaransa Champollion asingeweza kuyasoma maandishi ya Mafirauni mwaka 1822, kwa kuwa alikuwa amejifunza lugha hiyo tangu ujana wake na aliyatambua maneno yake ndani ya picha. Jina lenyewe la Wakopti linatokana na jina la kale la hekalu la mungu Ptah huko Memphis, Hut-ka-Ptah, ambalo Wagiriki walilitamka Aigyptos na Waarabu wakalifupisha kuwa Qibt. Waarabu wakisema timsah, yaani mamba, wanatamka neno la Kimisri. Miji ya Aswan na Asyut imebaki na majina yake ya kale kwa mabadiliko madogo ya sauti.

Lakini mahali penye utajiri ni shambani. Wakulima wa Misri, Waislamu na Wakristo, wana kalenda ya kawaida kwa shughuli za serikali, ila kwa kupanda na kuvuna wengi wao wamehesabu kwa miezi ya Kikopti, ambayo ni miezi ya Mafirauni. Wana misemo kwa kila mwezi: Hatur, uliopewa jina la mungu wa kike Hathor, ni baba wa dhahabu iliyotawanywa, kwa maana ya ngano inayosiwa, na Amshir ni baba wa tufani. Miaka ya kalenda hiyo Wakristo huihesabu tangu mwaka 284, alipoanza kutawala Kaisari Diocletian aliyewaua mashahidi wao wengi. Mwezi wa kwanza kwa kawaida huanza tarehe 11 Septemba na unaitwa Tut, jina la Thoth, aliyekuwa mungu wa makarani.